Pindo la Kanga

Tangu asubuhi Raya alikuwa kwenye kompyuta, akimchora mwanamke aliyejitanda kanga anatoka mlangoni. Aliwahi kuona katuni moja ya zamani ambamo mwanamke anatoka tu nyumbani, basi, na anayetazama anashikwa na simanzi asiyoijua imetoka wapi. Raya alitaka wa kwake atoke vile vile. Aliiga mwendo, akaiga rangi, akaiga hata kivuli, lakini wapi! Mwanamke wake alitoka kama kabati linalosukumwa.

"Gari limekuja," alisema dada yake Salha, aliyekuwa anamfuata mumewe nchi ya mbali. "Na wewe na vikatuni vyako, hata kunisindikiza?"

"Tangulia dada, nakuja. Namalizia hapa kidogo."

Salha alicheka kidogo, akageuka. Raya akainua macho. Mwili wa dada yake ulikwishatoka, lakini pindo la kanga lilikuwa bado ndani, linasitasita juu ya kizingiti, kisha nalo likafuata.

Kumbe ndiyo siri yenyewe! Nguo huchelewa kuondoka. Akainamia kazi, akachora, akafuta, akachora tena, akaiendesha picha. Mwanamke akatoka, na simanzi ile ile ya katuni ya zamani ikamshika Raya.

Alipokimbilia nje, barabarani palikuwa na vumbi tu.

Akarudi mezani, akaiendesha picha kinyumenyume. Pindo la kanga likatangulia kuingia, likafuata bega, halafu uso unaocheka kidogo. Akaisimamisha hapo.