Kisu cha Mfukoni mwa Anselme

Séraphin alimwibia maiti saa tisa mchana, mikono imetulia tuli. Hofu ilianza alipofika nyumbani.

Ilikuwa wiki ya tatu sasa tangu siku hiyo. Kisu kilikuwa mbele yake mezani, juu ya kitambaa: cha kukunja, saizi namba nane, mpini wa mbao, pete ya chuma shingoni. Kila mwanamume wa bonde lile la Savoie, milimani Ufaransa, anacho mfukoni, na kila duka la tumbaku linakiuza kando ya viberiti. Yeye alikuwa na visu mia mbili na kumi na viwili kabatini, vya pembe, vya mfupa, vya fedha. Namba nane hakuwa nayo. "Cha kukatia soseji," alizoea kusema, "hakiingii kabatini kwangu."

Mpaka siku Baptistin, mwenyekiti wa chama chao cha wakusanya visu, alipomwumbua mbele ya wenzake. "Mkusanyaji asiye na namba nane ni mpishi asiye na chumvi! Tena si mpya, bwana. Mpya hata bibi yangu ananunua. Kilicholiwa na miaka, hicho ndicho. Kama cha Anselme."

Cha Anselme! Miaka arobaini na mitano mfukoni mwa mchunga ng'ombe yule, kimenolewa hadi makali yamebaki kama jani la kitunguu. Séraphin alikiomba, akabembeleza, akaahidi viwili vya fedha kwa kimoja cha mbao. Anselme alicheka mpaka akakohoa.

"Visu mia mbili, na tukikaa kula bado unaniazima changu! Wewe hukusanyi visu, unakusanya vumbi. Hiki nitazikwa nacho. Mkinizika bila hiki, nawaambia, narudi kukifuata."

Chama kizima kilisikia, kikacheka.

Mwezi wa tatu Anselme akafa. Walimlaza kitandani kwake na suti ya Jumapili, na marafiki wakawa wanaingia mmoja mmoja kumuaga. Séraphin alingoja Padri atoke. Padri alikawia, kisha akatoka anajipangusa jasho. Séraphin akafunga mlango, akatia mkono mfukoni mwa suruali ya marehemu, akachomoa kisu, akatumbukiza kingine. Kilikuwa kipya, alichokilaza kwenye siki na chai nzito hata kikazeeka kuliko yeye mwenyewe. Hila hiyo kila mkusanyaji anaijua. Ila si kila mtu huanza kuzeesha kisu siku ile ile daktari anaposema mgonjwa hamalizi mwezi.

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Ubao ukilia darini, Anselme huyo. Mlango ukigongwa, Anselme huyo. Alipokinusa kisu kilinuka siki kidogo. Akajiambia ni yale matango ya siki aliyoyapenda marehemu, akalia kama mtoto.

Alhamisi akakifunga kitambaani, akaenda kwa Philomène, mjane wa Anselme.

Alimkuta jikoni anamenya viazi. Hakuthubutu kumtazama, si uso si mikono. Alizungumza na sakafu.

"Shemeji, mimi mwizi."

"Kaa basi, shemeji. Hata wezi hukaa."

"Acha nisimame. Nilimchomolea mumeo kisu, pale pale kitandani. Nikamtilia cha bandia. Yeye anaugua, mimi huku nazeesha kisu! Aliomba kitu kimoja tu duniani, azikwe nacho, na mimi rafiki yake…"

Ganda la kiazi lilianguka kwenye beseni, refu, jembamba, zima.

"Umekileta?"

Akakiweka mezani. Philomène alikifungua, akakinusa, akakunja pua. Kisha akanyanyuka, akashusha bakuli la supu kutoka rafuni na kulisukuma mbele ya mgeni. Ndani mlikuwa na visu vitatu, namba nane vyote, vyeusi, vimechakaa vizuri mno.

"Baptistin kaleta Jumatatu. Yule tarishi wa chama chenu, Jumanne. Padri kaja jana, na yeye kalia kuwapita nyote." Akakitumbukiza cha nne. "Kila mmoja kaapa ndicho chenyewe. Nusa hapo. Jikoni kwangu pamekuwa kama pipa la achari."

Séraphin akakaa bila kuambiwa tena. Alihesabu visu kwa macho, akahesabu tena. "Sasa nani aliingia wa kwanza, shemeji? Nani anacho cha Anselme?"

Philomène alikuwa keshaanza kiazi kingine, makali membamba kama jani la kitunguu yakipita kana kwamba hayagusi kitu.

"Nyinyi ndio mabingwa wa visu," alisema. "Lakini suruali nilimvisha mimi, na cha mfukoni nilikitia mimi."