Protini ya Chumvi

Sheria ilimruhusu aliyedhulumiwa kuchagua protini moja, na mwili wa mkosaji usiitengeneze kwa mwaka mzima. Mwanatumu alichagua ile ya ulimi inayotambua chumvi, kwa sababu Saumu, mdogo wake aliyemchukulia mume, alikuwa mpishi wa harusi.

“Maagizo yote yamo ndani ya seli,” karani alimweleza. “Sisi tunazuia nakala ya agizo moja tu. Seli isipoisoma, haitengenezi kitu. Umeridhika, mama?”

“Bado,” alijibu Mwanatumu.

Miezi miwili baadaye Saumu alibisha hodi, amebeba bakuli la pilau iliyopikiwa wageni mia tatu.

“Dada, najua nilikukosea. Lakini hakuna anayejua mapishi ya marehemu mama kuliko wewe. Nionjee, tafadhali.”

Mwanatumu akaonja. Chumvi ilimkereketa koo, nusura ateme. Akameza, akamtazama mdogo wake machoni.

“Iko sawasawa,” alisema. “Kapakue.”

Saumu alimkumbatia huku akilia, akaondoka mbio. Mwanatumu akafunga mlango. Kiu ilimbana, ila hakunywa maji. Alitaka chumvi ile ikae kinywani mpaka wageni waanze kula.