Kamba ya Zeddy

Kimeli alikata kamba kwa kisu cha jikoni, na nguo ya Zeddy ikaanguka kwenye tope.

Wapangaji wote wa ploti wakatoka milangoni. Jackie, jirani wa mlango wa pili, aliacha githeri yake ipoe. Kitu kama hiki hungoji kusimuliwa.

"Nilisema hakuna kuanika hapa!" Kimeli alinguruma. Tangu landilodi huyo anunue mashine ya kufua, kila mpangaji lazima afue kwake, alipe. Wote walilipa, Jackie pia, akinung'unika chini chini.

Isipokuwa Zeddy, aliyehamia Karagita juzi tu kutoka Kuresoi. Yeye alifua kwa karai, maji baridi na sabuni ya kipande. Yunifomu yake ya kaki aliing'oa vifungo kwanza, akaigeuza ndani nje, akaianika kivulini. Jackie alikwisha tangazia ploti kwamba huyo ni soja, mlinzi wa geti kwenye mashamba ya maua.

"Soja gani anabembeleza nguo hivi?" alikuwa amemtania.

"Jua hula rangi, dada. Nikiitunza, sinunui nyingine."

Sasa Zeddy aliiokota, akaisuuza upya, akaunga kamba kwa fundo, akaianika palepale.

"Mathe, unanipima?" Kimeli alifoka.

"Nguo yangu, mikono yangu, mzee. Mashine yako haitakula jasho langu."

"Basi utahama! Kesho asubuhi ni kwa chifu. Akutoe na karai lako!"

"Sawa. Mimi nitatangulia."

Jackie alimvuta kando. "Omba msamaha, wewe! Utalala wapi?"

Zeddy alicheka tu, akaenda kuwasha makaa ya pasi.

Kulipokucha, mlango wake ulikuwa na kufuli.

"Ametoroka!" Kimeli alifurahi. Hata hivyo alimkokota Jackie kwenda kwa chifu kushuhudia. "Chifu wa zamani alikuwa mtu wangu. Huyu mpya aliyeletwa juzi, naye atanijua."

Moyoni Jackie alikuwa ameapa: leo atasema ukweli, hata kama naye atatupiwa vyombo nje.

Kimeli alisukuma mlango wa ofisi bila kubisha.

Nyuma ya meza ya chifu, Zeddy aliinua macho, vifungo viking'aa kwenye kaki iliyonyooka.

"Karibu, mzee. Ulisema unanishtaki kwa chifu. Haya, anza."