Jina Lililoanza Mstari

Everlyn alikuwa akiikagua programu aliyoandika ya kutafuta majina kwenye orodha ya mochari alipoliona kosa lake.

Kompyuta huhesabu nafasi kuanzia sifuri. Jina likiwa mwanzoni kabisa mwa mstari, jibu ni sifuri, naye alikuwa ameiagiza sifuri isomwe "hayuko".

Akarekebisha, akaandika jina la kijana aliyepotea kutoka mtaa wa Waithaka. Mstari ukatokea: alizikwa jana, pamoja na wasio na wenyewe.

Ng'ambo ya kioo cha kaunta, mamake kijana alikuwa tayari anaifunga picha ya mwanawe iliyochakaa pembe ndani ya leso, kama asubuhi kumi na tisa zilizopita, kila mara akimshukuru Mungu.

"Hata leo hayuko, ama?" aliuliza, akianza kutabasamu.