Dawa ni ya Anayerudi Vitani

Wenzangu mliozaa, msifurahi watoto wakishinda kwenye mchezo wa vita wa kompyuta. Siku hizi sanduku la dawa la kila nyumba hukabidhiwa mtoto aliyefuzu utabibu humo mchezoni, na sisi wazazi haturuhusiwi kulifungua. Kwetu analo Sikudhani, msichana wa miaka kumi na sita. Tabibu gani huyo, chunusi zake mwenyewe zimemshinda.

Jana mdogo wake, Shani, aliamka na homa kali. Mume wangu naye akajigonga kidole kwa nyundo. Sikudhani akawatazama wote wawili, kisha vidonge vya mwisho akampa baba yake.

“Na mdogo wako?” nikamuuliza.

“Mama, Shani hapigani. Dawa ni ya anayerudi vitani.”

“Vita gani, wewe? Baba yako fundi vitanda.”

“Ndivyo tunavyoshinda, mama. Usilie mbele ya kikosi.”

Na lile jibaba likameza vidonge bila hata kunitazama.

Shani bado anachemka. Tangu asubuhi namfundisha kusimama wima na kukunja ngumi, ili dada yake akiingia na vidonge vipya amdhanie askari.