Ng' ya Ng'ombe

Kidole cha fundi kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Majina ya wagonjwa na makundi yao ya damu yalipohamishiwa kompyuta mpya ya zahanati pale Busia, mengine yaliota vidudu, alama za ajabu katikati ya herufi: Nyang’oma.

"Hii takataka natoa yote," alisema.

Loy, mfagizi aliyeishia darasa la nne, alijikaza. Hilo lilikuwa jina la mama yake, aliyelala chumba cha pili akisubiri kuongezwa damu.

"Boss, hiyo ni ng' ya ng'ombe. Ukitoa, inabaki Nyangoma. Na iko Nyangoma mwingine, wa Tororo. Kundi lao la damu si moja."

Fundi akaondoa kidole. "Kumbe mashine ndiyo inasoma vibaya."

Akabadilisha neno moja tu kwenye mipangilio ya herufi.

Vidudu vikayeyuka. Nyang'oma, Ong'ango, Wang'ombe, ukurasa mzima, kila mtu akarudi kuwa yeye.

"Nyang'oma ni kundi gani?" muuguzi akauliza mlangoni.

Loy akalisoma mwenyewe kwenye skrini, kwa sauti.