Babu wa Mfalme

Asubuhi ya maonyesho ya stempu, mwandalizi alimwendea Bi Mwanaidi akamwomba aiondoe stempu moja kabla mfalme hajaingia ukumbini.

"Babu yake amechapishwa kichwa chini, mama. Ataona tunamdhihaki."

"Hiyo ndiyo iliyonileta hapa," alisema Bi Mwanaidi. "Ikitoka, nami natoka nayo."

Tangu usichana wake alikusanya stempu zenye picha za wafalme, na alizipenda zaidi zile zilizokosewa mtamboni: wino uliovuja hadi shavuni, taji lililokosa rangi. Lakini hii ya kichwa chini hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Mfalme alipofika mezani pa Bi Mwanaidi, alisimama ghafla. Mwandalizi akawa anatazama viatu vyake.

"Huyu ni babu yangu," mfalme alisema.

"Ndiye, Mtukufu," Bi Mwanaidi alijibu. "Mtambo ulimgeuza. Wenzake wote waliogeuzwa siku ile walichomwa moto, akabaki yeye peke yake. Mimi ndiye niliyemtunza."

Akamnyooshea kioo cha kukuzia.

Mfalme alikitazama kile kioo kwa muda, kisha akakipokea. Akainama, akalaza kichwa polepole hadi sikio likakaribia bega, apate kuuona vizuri uso wa babu yake. Nyuma yake waziri mmoja akalaza kichwa, kisha mwingine, hata mwandalizi naye na wote waliokuwapo.

Katika ukumbi mzima, Bi Mwanaidi peke yake alikuwa amesimama wima.